Lantana ya kutambaa bustanini Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba nyingi za Arusha na Moshi zimejengwa kwenye mteremko, na mteremko ulioachwa wazi haudumu. Masika yakianza, udongo wa juu ndio wa kwanza kuondoka, unajaza mtaro wa barabara na kumwachia mwenye nyumba changarawe. Ndiyo maana swali moja hurudi kila mwaka: nipande nini kinachofunika ardhi, kinachobaki kijani mwaka mzima, kinachotoa maua, na kisichodai maji kila jioni? Kwa eneo lenye jua, jibu langu la kwanza ni lantana ya kutambaa. Naipenda, lakini ina masharti mawili yasiyo na mjadala: upate iliyo sahihi, na mifugo isiifikie. Mengine yote yanarekebishika.

Ni mmea gani hasa?

Ni kichaka kifupi chenye matawi membamba yanayolala chini na kuenea. Jina lake la kitaalamu ni Lantana montevidensis, na asili yake ni Amerika Kusini, katika nchi kama Uruguay, Argentina na Brazil. Kimo chake ni sentimita 30 hadi 60, lakini mche mmoja uliokomaa unaweza kufunika upana wa mita moja na nusu au zaidi. Maua ni madogo, yamekusanyika kwenye vichwa vya duara, rangi ya zambarau yenye kitovu cheupe au cha njano. Ipo pia yenye maua meupe tupu. Ukisugua jani mkononi linatoa harufu kali. Vipepeo na nyuki wanaipenda, na mwenye mizinga karibu ataona faida.

Si ndiyo ile ile lantana ya porini inayoharibu malisho?

Hapana, ila ni ndugu wa karibu, na ndiyo maana swali hili nalipa nafasi kubwa.

Lantana ya porini, ambayo wengine huiita mvuti, ni Lantana camara. Ililetwa kama ua la bustani, ikatoka nje ya bustani, na leo imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Inasimama mita mbili na zaidi, inatengeneza pori lisilopitika, na majani mazuri ya malisho yanakufa chini yake. Ndege hula vitunda vyake vyeusi na kuangusha mbegu kila wanapotua. Ukiipanda kwenye uzio wako Moshono, umempandia pia jirani yako, na umeipanda mpaka bondeni.

Kuzitofautisha hakuhitaji utaalamu. Shika tawi. La porini lina pembe nne unazozihisi kwa vidole, na mara nyingi lina miiba midogo iliyopinda inayokwaruza. La kutambaa ni jembamba, laini zaidi, kwa kawaida halina miiba, na halina nguvu ya kusimama lenyewe. Halafu tazama maua. Kwenye ile ya porini, kichwa kimoja cha maua kinakuwa na rangi mbili au tatu kwa wakati mmoja, njano katikati, pembeni machungwa, nyekundu au waridi, kwa sababu ua hubadilika rangi linavyozeeka. Ya kutambaa inabaki zambarau.

Kuna aina ya tatu inayochanganya watu: miche mifupi yenye maua ya njano au ya machungwa. Hiyo mara nyingi imechanganywa damu na lantana ya porini. Baadhi hazizai mbegu, baadhi zinazaa, na huwezi kujua kwa kuangalia mche ulio kwenye kiriba. Mimi naiacha. Nunua ya zambarau au nyeupe, na inunue ikiwa imechanua. Muuzaji wa maua wa kando ya barabara akikuambia “hii itatoa zambarau baadaye, dada yangu”, mwambie utarudi hiyo baadaye.

Tusijidanganye kwamba hii ya kutambaa ni malaika. Kule Queensland, Australia, imeshatoka bustanini na kuwa gugu. Kwa hiyo hata ukiwa na ile sahihi, usiipande kando ya mto, kwenye ukingo wa msitu, au mahali ambapo bustani yako inakutana na ardhi ya malisho.

Itastawi kwangu?

Inategemea uko wapi, kwa sababu miji hii miwili haina hali ya hewa moja. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini ni kati ya mita 800 na 900. Moshi kuna joto zaidi, kwa hiyo mmea unakua haraka na kuchanua karibu mwaka mzima. Ukishuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC kwenye joto na ukavu, bado uko nyumbani kwake.

Upande wa Arusha, maeneo ya Kisongo na Olasiti yenye upepo, vumbi na mvua kidogo yanaifaa sana. Njiro na Sakina hakuna tatizo. Ilboru na Sekei pia inakubali, ila chagua upande wa kiwanja unaopata jua la mchana, maana huko mawingu ya Meru yanakaa muda mrefu. Ukipanda zaidi, kwenye migomba na baridi ya Kibosho, Machame au Marangu, itaishi lakini itakuwa na majani mengi kuliko maua. Huko nisingeihangaikia. Na kama utakavyoona hapo chini, huko kuna sababu nyingine kubwa ya kuiacha.

Chini ya mparachichi je?

Usipoteze miche. Inataka jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku. Kivulini matawi yanarefuka, yanakonda, maua yanapotea, na majani yanashikwa na ubwiri unga. Kwa kivuli weka klivia, yenye maua ya machungwa na majani ya kijani mwaka mzima, au majimbi ya maua.

Nipande lini?

Mwanzo wa masika, kuanzia katikati ya Machi mvua zikishashika, au mwanzo wa vuli, Novemba. Masika ni bora zaidi kwa sababu mmea unapata wiki nyingi za unyevu wa kushikia mizizi kabla ya kiangazi. Ukipanda vuli, jiandae kumwagilia Januari na Februari, miezi ambayo jua la Moshi halina huruma.

Kwenye mteremko mkali usisubiri katikati ya mvua kubwa za Aprili. Shimo jipya kwenye udongo uliolowa linabebwa pamoja na mche.

Eneo nilitayarishe vipi?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Watu wanatumia fedha kwenye miche na kuona uvivu kwenye palizi ya kwanza, kisha miezi sita baadaye wanasema mmea umewashinda. Mmea haukuwashinda, walishindwa na ndago.

Ndago haitokani na mbegu peke yake. Chini ina vinundu vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi, na ukiivuta juu, jani linakatika na kinundu kinabaki kikicheka ardhini. Ukoka na sangari nazo zina mizizi inayotambaa, na kila kipande ulichokikata kwa jembe kinaweza kuwa mmea mpya. Lantana ikishafunika ardhi inazuia magugu mengi ya mbegu kwa sababu inayanyima mwanga, lakini ndago, ukoka na sangari hupenya katikati ya matawi yake, na wakati huo kuyang'oa bila kuuharibu mmea ni shida.

Kwa hiyo anza mapema, mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua. Tumia uma wa shamba badala ya jembe la kawaida, maana uma unanyanyua mizizi mizima na jembe linaikata. Chambua kwa mkono. Mwagilia kidogo ili yaliyobaki yachipue, halafu rudia. Kwenye jua la Januari, mizizi iliyotandazwa juu inakauka yenyewe. Usiitupe kwenye shimo la mboji. Mzunguko wa pili ndio wenye thamani, na ndio ambao wengi wanauruka.

Kwenye mteremko, usilime eneo lote kwa mpigo. Lima mikanda inayofuata kontua, yaani inayokatiza mteremko kwa usawa mmoja, na kuacha mikanda ya majani katikati, au chimba mashimo tu na kuacha ardhi nyingine ilivyo mpaka mimea ishike. Ukishalainisha mteremko mzima, mvua moja ya usiku inatosha kukuonyesha udongo wako ukiwa kwa jirani wa chini.

Udongo wetu wa volkano kwa sehemu kubwa unaifaa bila nyongeza. Kitu pekee kisichovumilika ni maji yanayotuama. Kama una mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, inua tuta la sentimita 20 hivi na uchanganye changarawe au moramu kwenye udongo wa shimo.

Miche mingapi, na kwa umbali gani?

Sentimita 75 kati ya mche na mche inatosha kwa eneo tambarare, na itafunika ndani ya mwaka mmoja hivi ikiwa na jua. Hiyo ni kama miche 18 kwa kila mita 10 za mraba. Kwenye mteremko mkali sogeza iwe sentimita 60, ukipanga mstari wa pili katikati ya nafasi za mstari wa kwanza ili maji yasipate njia ya moja kwa moja. Mwenye haraka hupanda kwa sentimita 30, kisha mwaka wa pili mimea inabanana na kukauka katikati. Uvumilivu ni nafuu zaidi kuliko miche.

Shimo liwe upana na kina cha sentimita 30. Chana kiriba chote na ukitoe. Bado nakutana na mimea iliyopandwa na nailoni yake, imekaa mwaka mzima bila kunenepa.

Naweza kuotesha mwenyewe kutoka kwa mmea wa jirani?

Unaweza, na ndiyo njia bora, kwa sababu unajua rangi unayoipata. Omba, usivizie usiku.

Nenda asubuhi, mmea ukiwa umejaa maji. Tafuta tawi ambalo halina ua wala tumba, lenye unene wa kijiti cha kiberiti au zaidi kidogo, lisilo laini kabisa kama ncha ya juu wala gumu la kahawia kama la chini. Likunje taratibu: likipinda bila kuvunjika na kurudi lilivyokuwa, ndilo hilo. Kata kipande cha sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya pingili, kwa kisu kikali au mkasi wa kupogolea uliofutwa kwa spiriti. Ondoa majani ya nusu ya chini, acha mawili au manne juu. Tumba likitokea njiani likatwe, maana kipandikizi kinachojaribu kuchanua hakioti mizizi.

Jaza viriba kwa mchanga wa mtoni na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Toboa kwanza kwa kijiti ndipo uingize kipandikizi, usikisukume kikachubuka. Lazima pingili moja au mbili ziwe chini ya udongo, kwa sababu mizizi inatokea hapo. Bana udongo kwa vidole, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, weka chini ya kivuli chepesi. Udongo uwe na unyevu, usilowe chepechepe. Baada ya wiki tatu hadi nne vuta kidogo sana: ukihisi kinakataa kutoka, kimeshika. Kisogeze juani hatua kwa hatua, kwanza jua la asubuhi tu, na usikipeleke shambani kabla mizizi haijaonekana kwenye matundu ya chini ya kiriba.

Njia nyepesi zaidi ni kulaza tawi lililo bado kwenye mmea mama, kulifukia sehemu ya katikati na kuliwekea jiwe. Litaota mizizi lenyewe. Ukate baadaye na kuhamisha.

Shangazi yuko nje, aniletee mbegu?

Mwambie akuletee kitu kingine. Mbegu za lantana zinaota kwa kusuasua, mara nyingi hazitoi mmea unaofanana na mama, na huna hakika ni aina gani. Isitoshe, mbegu na mimea kutoka nje vinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Mamlaka inayohusika ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na makao yake makuu yapo hapa hapa Ngaramtoni, Arusha. Lantana ya porini nayo ilivuka bahari kwa sababu mtu alivutiwa na maua yake.

Maji kiasi gani?

Wiki mbili za kwanza, kila baada ya siku moja kama hakuna mvua. Miezi miwili au mitatu inayofuata, mara mbili kwa wiki, maji mengi kwa mara moja ili yashuke chini na mizizi iyafuate. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunaifundisha mizizi kukaa juu, na siku mgao wa maji ukibana mmea unanyauka mchana huo huo.

Baada ya mwaka wa kwanza, sehemu nyingi za Arusha mjini hutahitaji kumwagilia kabisa isipokuwa kiangazi kikirefuka. Moshi chini na Kisongo, mara moja kwa wiki mbili katika Januari na Februari inasaidia maua yasikatike.

Maji ya kufulia yanafaa kama ni ya sabuni ya kawaida na hayana dawa ya kung'arisha nguo. Mwaga ardhini, siyo juu ya majani.

Matandazo yanapunguza kazi hii kwa nusu. Moshi tuna bahati ya maganda ya kahawa na maganda ya mpunga. Tandaza unene wa sentimita tano, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze.

Mbolea?

Koleo moja la samadi iliyooza vizuri ndani ya shimo wakati wa kupanda. Basi. Ukiilisha mbolea ya dukani utapata majani mazito ya kijani na maua machache.

Niipogoe lini na vipi?

Kata kubwa ni mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika. Shusha mmea mzima hadi sentimita 15 au 20 kutoka ardhini. Utaonekana vijiti vitupu na utaumia moyo, lakini wiki chache za mvua zinatosha kuurudisha ukiwa mbichi na mnene. Bila kata hii, baada ya miaka mitatu hivi katikati pana miti mikavu na kijani kimebaki pembeni tu. Kata ndogo ya Agosti au Septemba, kwa kupunguza ncha, inaleta maua mengi vuli.

Isipokuwa mteremko mkali: hapo usikate yote mwaka mmoja. Kata nusu ya mistari mwaka huu, nusu nyingine mwaka ujao, ili ardhi isipokee mvua ikiwa uchi.

Vaa mikono mirefu na glovu. Majani yana manyoya makavu yanayowasha, na wengine wanatoka vipele.

Nina ng'ombe wawili na mbuzi. Kuna hatari?

Ipo, na kwa mikoa yetu hili ndilo swali muhimu kuliko yote.

Lantana ya porini ina sumu inayoharibu ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hii ya kutambaa nayo ichukulie hivyo hivyo, usiifanyie majaribio kwa mnyama wako. Mnyama anayechunga mwenyewe mahali penye majani mazuri kwa kawaida huikwepa kwa harufu yake. Tatizo ni kwamba ng'ombe wa kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba ya Mchaga, hachungi. Amefungwa bandani, anakula anacholetewa. Kijana amepogoa maua ya mbele ya nyumba asubuhi, amerundika matawi kando ya njia. Jioni mwingine anapita na kamba akikusanya majani ya ng'ombe, anakuta rundo bichi limekatwa tayari, analibeba pamoja na majani ya migomba. Limekatwakatwa na kuchanganywa, mnyama hawezi kulichagua nje. Mwenye kosa hapo hayupo, kila mmoja alikuwa anasaidia.

Ndiyo maana ninawaambia wenye mifugo ya kufugia ndani waiache lantana ya aina yoyote karibu na nyumba. Kama tayari unayo, weka sheria moja nyumbani na kila mtu aijue, pamoja na kibarua wa siku moja: matawi yaliyokatwa yanaingia kwenye kiroba palepale, yanafungwa, yanapelekwa kukauka na kuchomwa, au kuzikwa mahali ambapo hayaguswi. Yasilale njiani hata usiku mmoja.

Dalili zake: mnyama anaacha kula, tumbo linasimama na kinyesi kinakuwa kigumu, anakimbilia kivuli na kukataa jua. Macho na ufizi vinageuka njano. Kisha ngozi ya pua, masikio na chuchu, hasa sehemu nyeupe, inavimba, inapasuka na kubanduka, kwa sababu ini lililoumia linaifanya ngozi ichomwe na mwanga. Ukiona mwanzo wa hayo, mtoe juani, ondoa chakula chote kilichopo horini, na mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Sumu iliyobaki tumboni inaendelea kuingia mwilini siku zinazofuata, kwa hiyo kusubiri hadi kesho uone kama ataamka vizuri ni kumpoteza. Mwambie daktari wazi kwamba alikula lantana, na ukiweza mwonyeshe tawi.

Na watoto?

Vitunda vibichi vya lantana si vya kuliwa, na mtoto anayetambaa hachagui. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, usiipande karibu na kibaraza anapochezea, na vitunda vikitokea vikate. Akila, mpeleke kituo cha afya na tawi mkononi.

Bibi anasema vichaka vifupi vinaleta nyoka na mbu.

Bibi hajakosea kabisa. Kichaka chochote kizito kinachogusa ukuta kinawapa panya maficho, na nyoka hufuata panya. Acha ukanda wa mita moja ulio wazi, wa kokoto au wa sakafu, kati ya mmea na ukuta wa nyumba, na usiache mabaki ya chakula nje. Kuhusu mbu, wanazaliana kwenye maji yaliyosimama. Mbu wazima wanaweza kupumzika kwenye majani yoyote yenye kivuli, lakini ukitafuta chanzo chao kagua kwanza matairi, ndoo na mifereji ya bati.

Juni majani yamegeuka zambarau. Ni ugonjwa?

Ni baridi. Juni hadi Agosti, hasa Arusha, majani yanachukua wekundu na maua yanapungua. Usimwagilie zaidi wala usiweke mbolea. Septemba jua likirudi nayo inarudi.

Majani yana madoa meupe meupe kama yamefyonzwa.

Geuza jani. Ukiona vidudu vyeupe vinavyoruka ukitikisa tawi, ni inzi weupe. Wapulizie maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, kisha maji yenye sabuni kidogo ya kipande, jioni, kila baada ya siku chache. Ukiona vidudu bapa vya kahawia na vitone vyeusi vya kinyesi chini ya jani, hao ni jamii ya wadudu walioletwa Afrika Mashariki makusudi kupambana na lantana ya porini. Hawatauua mmea wako ukiwa na afya. Kata sehemu zilizoathirika na uache zichipue upya. Sumu kali za kunyunyiza sizipendekezi kabisa, kwa sababu mmea huu una nyuki juu yake tangu asubuhi hadi jioni.

Ina mwaka na nusu na haitoi maua.

Kivuli, samadi nyingi, au maji mengi. Karibu kila mara ni moja kati ya hayo matatu, na kivuli ndicho cha kwanza. Tazama mti wa jirani ulivyokua.

Naweza kuipanda kwenye mpaka badala ya masale?

Masale yaache. Uchagani sale ni alama ya mpaka inayoheshimiwa, na ni hilo hilo linalobebwa mtu anapokwenda kuomba msamaha. Kulitoa bila kukaa na jirani ni kuanzisha kesi ambayo maua hayataimaliza. Panda ndani ya kiwanja chako, mita moja kutoka kwenye mpaka, uweze kupita kukata matawi kabla hayajavuka.

Imeanza kusambaa kuliko nilivyotaka.

Matawi yanaota mizizi yanapogusa udongo, kwa hiyo kila mwisho wa masika zunguka ukingo na uma, nyanyua yaliyoshika, kata. Ukitaka kuiondoa kabisa, kata juu, chimba shina lote na mizizi minene, kisha rudi baada ya mvua mbili za kwanza kung'oa machipukizi. Ni kazi ya msimu mmoja, siyo ya siku moja.

Nimeamua kuiacha kwa sababu ya mbuzi. Nipande nini?

Rozmari ya kutambaa. Asili yake ni ukanda wa bahari ya Mediterania, inataka jua na udongo usiotuamisha maji, ina maua ya bluu hafifu, na matawi yake unayatia kwenye nyama choma. Kisongo inakaa vizuri mno. Moshi ipandishe kwenye tuta, maana maji ya masika yakikaa mizizini inaoza. Inafunika polepole kuliko lantana, kwa hiyo ipande kwa sentimita 50 na uweke matandazo mazito mwaka wa kwanza.

Kama nafasi ni kubwa na unataka kitu cha kwetu, kuna mtandamboo, ambao Wamasai wanauita olamuriaki: kijani mwaka mzima, maua meupe yenye harufu nzuri, matunda meusi yanayoliwa. Una miiba na unakua mrefu usipokatwa, kwa hiyo uweke nyuma, upande wa uzio, rozmari ikae mbele yake juani.